Dhirari na Mstari wa Tatu

Inasimuliwa kwamba katika zama za waja wema palikuwa na bonde la mitende lenye vijiji viwili vilivyokunywa maji ya mfereji mmoja. Kijiji cha juu kiliitwa Tilali na cha chini kiliitwa Kasaba. Bonde lenyewe lilikuwa wapi, wapokezi wamehitilafiana, na kwetu sisi haidhuru. Maji ni maji, na watu ni watu, popote Mola alipowaweka.

Mkuu wa Tilali alikuwa Dhirari bin Wahbi, mtu mkarimu, mwenye kuswali safu ya mbele, ambaye mgeni hakupita mlangoni pake na njaa. Aibu yake ilikuwa moja tu, na ilitosha: alikuwa mwepesi wa hasira na mzito wa kusamehe. Mkuu wa Kasaba alikuwa Ukasha, naye alikuwa ndugu yake Dhirari wa kunyonya. Mama yake Ukasha aliugua alipojifungua, basi mama yake Dhirari akamchukua mtoto, akamweka titi hili na wa kwake titi lile. Wanawake wa kijiji walipomhurumia kwa taabu ya kunyonyesha wawili, yule mama akicheka alikuwa akisema, "Mungu alijua. Ndiyo maana akanipa mawili."

Babu wa vijiji hivyo walikuwa wameandikiana mkataba wa maji, zamu hii ya Tilali na zamu ile ya Kasaba. Na desturi ya bonde ilikuwa hii: ahadi iliyofungwa kwa kalamu haifunguliwi kwa mdomo. Anayetaka kuivunja sharti aandike barua, atie muhuri wake, ampelekee mwenzake, nayo isomwe mbele ya aliyeituma. Ikishasomwa, ahadi imekufa, na kila mtu anashika alichonacho. Mwenye jembe ashike jembe, na mwenye mkuki ashike mkuki.

Sasa tazama mambo ya wanadamu. Watu wale walioitukuza kalamu kiasi hicho hawakujua kuishika. Katika vijiji vyote viwili aliyejua kusoma na kuandika alikuwa mtu mmoja tu, bibi mjane aitwaye Lubaba, binti wa mwandishi aliyekuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Aliishi Tilali katika nyumba ya udongo, akinakili misahafu, akiwaandikia watu barua zao, na barazani pake akiwafundisha watoto wachache, wengi wao mayatima. Wazee wakipita hapo waliwaombea dua watoto, wakasema maashallah, kisha wakaenda zao mashambani. Elimu waliiheshimu kwa mbali, kama mtu anavyomheshimu mkwewe.

Ukaja mwaka wa ukame. Maji ya mfereji yakapungua, na kule Kasaba makuti ya mitende yakaanza kukauka. Siku moja mchunga kondoo mmoja alifika kwa Dhirari na ujumbe wa mdomo kutoka kwa Ukasha. Ujumbe wenyewe ulikuwa huu: "Dhirari ni mwizi wa maji, na maziwa niliyonyonya kwao nayatapika."

Neno la wizi Dhirari angeweza kulimeza. Neno la maziwa lilimkaa kooni. Mama yake alikuwa kaburini, hawezi kujitetea, na aliyemtukana ni yule aliyemlea kifuani pake. Dhirari aliingia ndani akalia peke yake kama mtoto. Alipotoka machozi yalikuwa yamekauka na hasira imebaki. Akavaa joho lake, akaenda moja kwa moja kwa Bibi Lubaba.

"Chukua kalamu, Bibi," alisema hata kabla ya kuketi. "Andika: Kwa Ukasha, mtoto wa haramu, asiye na asili wala fadhila. Tangu leo hupati tone la maji, na mkataba wa babu zetu nimeuchana."

Bibi Lubaba aliichukua kalamu, akaitazama, kisha akairudisha mahali pake.

"Kalamu hii niliachiwa na marehemu baba yangu," alisema. "Aliniusia nisiandike kwayo neno nisiloweza kulisoma mbele ya Mola wangu Siku ya Hesabu. Hilo la mtoto wa haramu, mwanangu, siwezi kulisoma pale."

Dhirari akamwahidi shamba la mitende. Naye Bibi Lubaba alikuwa mtu ambaye chakula chake cha jioni mara nyingi kilikuwa tende na shukrani. Akakataa. Dhirari akakumbusha kwamba baraza lile limejengwa katika ardhi ya kijiji, na mkuu wa kijiji akitaka kumhamisha mtu humhamisha.

"Ardhi ya Mungu ni pana," alijibu, akawageukia watoto wake. "Haya, tulifika wapi?"

Dhirari akaondoka akivuta joho kwa hasira. Asubuhi alirudi, maana hapakuwa na mwandishi mwingine wa kumwendea. Akamkuta Bibi Lubaba akimngoja, na uso wake una jambo.

"Keti, mwanangu. Kuna amana yako ninayotaka kukupa kabla hujasema la kwako. Jana ulipoondoka, walinijia watu wazima, watu wa msikitini, wenye nia njema. Wakaniambia: Mwandikie Ukasha salamu za Idi, umwambie Dhirari kwamba ndiyo matusi. Atatia muhuri na kutuma, na bonde litasalimika. Yeye atajuaje?"

Dhirari akauliza, "Na kwa nini hukufanya hivyo?"

"Kwa sababu ungekuwa umeniamini, nami ningekuwa nimekuhini. Kalamu inayodanganya leo kwa ajili ya amani, kesho itakodiwa idanganye kwa ajili ya vita. Nikaona nikwambie ujue."

Maneno hayo yalimwingia Dhirari pahali ambapo hakupajua kuwa pana tundu. Aliitazama pete yake ya muhuri. Kwa pete ile alikuwa ametia muhuri barua za kadhi, mikataba ya wafanyabiashara, na hati ya ndoa ya bintiye, zote akiwa hajui kilichoandikwa ila kwa kuambiwa. Kumbe siku zote alikuwa kipofu anayeshikwa mkono, na heshima ya ukuu wake ilikuwa katika uaminifu wa watu wengine. Bahati yake ni kwamba walikuwa Bibi Lubaba na baba yake. Lau wangekuwa wengine je?

Lakini hasira, hata inapoona haki, haikosi njia ya kujipenyeza. "Vizuri," alisema. "Basi nifundishe. Matusi yangu nitayaandika kwa mkono wangu mwenyewe."

Bibi Lubaba alitabasamu tabasamu la mtu aliyefunguliwa mlango aliokuwa akiubisha miaka mingi. "Marhaba, baba. Vua viatu. Keti kule nyuma ya watoto, usije ukawazibia ubao."

Hivyo ndivyo Dhirari bin Wahbi, mwenye ndevu zilizokwisha kuingiwa na mvi, alivyoanza chuo. Alipewa ubao na kalamu ya tete na kidau cha wino wa masizi. Vidole vyake vilivyozoea jembe na hatamu za ngamia vilivunja kalamu moja baada ya nyingine. Alif, herufi ya kwanza, ilikubali upesi, kwa kuwa ni fimbo tu na fimbo alizijua. Sini, herufi ya meno matatu, ilimtesa. Watoto walikuja kuangalia ubao wake wakaziba midomo kwa viganja, mpaka mmoja akashindwa kujizuia: "Babu, sini yako ina meno mengi kama msumeno." Dhirari akainua uso apate kukemea, akautazama tena ubao, na akaona kwamba mtoto amesema kweli. Akacheka, na kicheko kile kilimshangaza yeye mwenyewe.

Huko nje vijana wa Tilali walikuwa wamekwisha kunoa mikuki. Wa Kasaba nao hawakulala, kwani walisikia. Kila Dhirari alipotoka barazani walimzunguka.

"Mzee, barua imekwisha?"

"Bado."

"Imefika wapi?"

"Nimefika kwenye jimu."

Vijana walitazamana. Vita vya bonde zima vilikuwa vimekwama kwenye jimu, na hakuna aliyethubutu kumharakisha mkuu wake. Mikuki ikaegemezwa ukutani, ikaanza kushika vumbi, na kuku wakalala juu yake.

Alipojua kuunganisha herufi, Dhirari alitaka aanze na matusi mara moja. Bibi Lubaba akakataa.

"Barua ya Muislamu huanza na Bismillahi Rahmani Rahimi."

"Tuiruke, Bibi. Hii si barua ya mawaidha."

"Isiyo na Bismillahi haina baraka wala haipokelewi. Ukitaka ipokelewe, anza mwanzo."

Akaanza mwanzo. Neno lile alikuwa amelitamka maisha yake yote, kwa kula, kwa kuchinja, kwa kupanda ngamia. Ulimi hupita juu yake mbio, umekwisha kulizoea. Mkono ni mwenda pole, nao huona kila kilichomo njiani. Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Akafuta, akaandika tena. Mwenye kurehemu. Meno ya sini yakapungua, mkia wa mimu ukanyooka. Akawa akilala na rehema vidoleni na kuamka nayo, na mkewe akawa anamwona mezani akiichora rehema kwenye unga wa mkate.

"Mstari wa pili," alisema Bibi Lubaba, "ni jina la unayemwandikia, na salamu. Ukasha ni nani kwako?"

"Si kitu kwangu."

"Alinyonya kwa mama yako au hakunyonya?"

"Alinyonya."

"Basi ni ndugu yako, upende usipende. Sheria haingoji hasira zako zipoe. Wataka nikufundishe kuandika uongo?"

Dhirari akainama akaandika: Kwa ndugu yangu Ukasha. Alipokuwa akihangaika na neno ndugu, likamjia lile neno la marehemu mama yake, kwamba Mungu alijua ndiyo maana akampa mawili. Akaona wino umeenea ubaoni. Watoto walidhani ametokwa na jasho, nao kwa adabu hawakuuliza. Akamalizia: amani iwe juu yako.

Siku ya kuandika barua yenyewe Bibi Lubaba alimpa karatasi safi, akamwambia, "Herufi zote sasa unazo. Hakuna neno la heri au la shari usiloweza kuliandika. Lililobaki ni lako na Mola wako." Akaenda kutawadha.

Dhirari akaandika mstari wa kwanza. Ukawa mzuri, mzuri hasa, na mtu aliyewahi kujifunza ukubwani anaijua furaha ile, haihitaji kuelezwa. Akaandika wa pili. Akachovya kalamu kwa ajili ya wa tatu. Akaiweka juu ya karatasi, akaiinua. Wino ukakauka. Akachovya tena. Neno la mtoto wa haramu lilikuwa tayari kichwani, herufi zake zote anazijua, lakini kila alipotazama mahali pa kuliweka aliona kile kilicho juu yake. Bibi Lubaba aliporudi alimkuta bado ameinua kalamu hewani.

"Bibi," aliuliza, "katika barua zangu zote, mistari hii miwili ilikuwamo?"

"Yote. Baba yangu aliiweka, nami niliiweka. Wewe ulikuwa ukitwambia wa tatu, na hiyo ya juu tukikuwekea sisi."

Dhirari akaiweka kalamu chini. Akapuliza karatasi, akaikunja, akatia muhuri wake, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alijua alichokitilia muhuri. Akatoka nje akiwa na furaha ya kijana, akampa barua mpita njia aendaye Kasaba, akamsisitizia ampe Ukasha mkononi.

Na hapo, kwa furaha yake, akasahau jambo ambalo hata mtoto wa bonde lile asingelisahau. Kule Kasaba hapakuwa na mtu wa kusoma. Barua yenye muhuri kutoka Tilali, mwaka wa ukame, mikuki ikiwa imekwisha kunolewa, ilikuwa na maana moja tu, wala haikuhitaji kufunguliwa. Mkataba umevunjwa.

Asubuhi ya pili yake, Dhirari akiwa barazani na ubao magotini na wino ndevuni, ardhi ikasikika ikivuma. Wanaume wa Kasaba walikuwa wanapanda kwa mikuki na marungu. Vijana wa Tilali wakakimbilia mikuki yao, kuku wakaruka huku na huku. Watoto wa chuo wakajikunyata nyuma ya Bibi Lubaba. Mbele ya watu wa Kasaba alikuwa Ukasha, amekonda, macho mekundu, na mkononi ameshika barua ambayo muhuri wake haujavunjwa.

Alimwona Dhirari ameketi nyuma ya mahali pa watoto, na kwa muda alisahau alichojia. Kisha akamwendea Bibi Lubaba, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Bibi, desturi inataka isomwe mbele ya aliyeituma. Nisomee hukumu yangu."

"Barua si yangu, mwanangu," alisema Bibi Lubaba. "Aliyeiandika ni huyo hapo. Mpe aisome."

Dhirari akasimama, akaipokea, akavunja muhuri. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma polepole kama wasomavyo watoto, lakini kwa sauti ya mkuu wa kijiji: "Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Kwa ndugu yangu Ukasha, amani iwe juu yako."

Ukasha akangoja. "Kisha?"

"Kisha hakuna."

"Hakuna vipi? Mtu hutia muhuri salamu?"

"Sitakuficha, Ukasha," alisema Dhirari. "Nilijifunza herufi ili nikutukane. Nikaandika mstari wa kwanza nikakuta rehema. Nikaandika wa pili nikakuta amani. Wa tatu nikakosa pa kuuweka."

Ukasha alisogea akaitazama karatasi. "Jina langu ni lipi?"

"Hili."

"Ni dogo hivi?"

"Dogo! Hilo limenitoa jasho jingi kuliko kuchimba kisima cha marehemu baba."

"Na hili kabla yake?"

"Hilo ni ndugu yangu."

Ukasha akaweka kidole juu ya neno hilo kama mtu anayegusa shavu la mtoto aliyelala, akaanza kulia mbele ya watu wake wote, wala hakujificha. Dhirari akamkumbatia, na wino wa ndevu zake ukamchafua Ukasha shavu. Mikuki iliyokuwa juu ikateremka, huku wenyewe wakijifanya wamechoka kuishika.

Walipotulia, Dhirari akauliza, "Lakini ile habari ya maziwa, ndugu yangu, ulikuwa na haja gani nayo?"

"Maziwa gani?"

Akaelezwa. Ukasha akaomba kinga kwa Mungu. "Mimi nimtukane mama aliyenilea? Nilituma watu wakuulize kama na kwako maji yamepungua, maana niliogopa mitende yako isife kama yangu." Kumbe neno lile lilitoka kwa Ukasha likiwa swali. Likapita kwa mtu, likapita kisimani, likapita malishoni, na kila aliyelibeba akalitia chumvi yake kidogo. Ulimi hauna mfupa. Lilipofika kwa Dhirari halikuwa na hata harufu ya lilikotoka.

Wale ndugu wawili wakaondoka papo hapo, na watu wao nyuma, wakaufuata mfereji kutoka juu. Hawakwenda mbali. Nyuma ya mwamba mmoja, ambapo kila kijiji kilidhani ni zamu ya kingine kupakagua, ukingo ulikuwa umebomoka na maji yakipotelea mchangani. Hakuna aliyeiba. Wote walikuwa wakiibiwa na ardhi, nao wakitazamana. Mikuki iliyonolewa kwa ajili ya vifua vya watu ikaonekana mizuri mno kwa kung'oa mawe, na kabla ya alasiri ukingo ukazibwa. Maji yalipoteremka Kasaba, vigelegele vya wanawake wa kule vilisikika hadi Tilali, na wa Tilali wakavijibu.

Wakati wa kuagana Ukasha alisema, "Barua nimepewa, na kujibu ni wajibu." Siku iliyofuata akavua viatu akaketi nyuma ya watoto. Dhirari, ambaye sasa alikuwa mwanafunzi mkubwa, alimwinamia juu ya bega akamwambia kwa utulivu wa mwanachuoni, "Sini yako, ndugu yangu, ina meno mengi." Watoto wakaangua kicheko, na Bibi Lubaba naye akageuza uso akacheka ndani ya mtandio.

Lile shamba alilolikataa Bibi Lubaba kama malipo ya matusi, Dhirari aliliweka wakfu kwa ajili ya chuo chake, na safari hii Bibi Lubaba akalipokea. Baraza likapanuliwa. Wakaja wakulima baada ya kazi, wakaja wanawake na watoto wao migongoni, mpaka ikawa habari ikitoka Kasaba inafika Tilali kama ilivyotoka. Ikawa pia desturi mpya ya bonde: mwenye ugomvi na mwenziwe huambiwa kwanza akaandike mistari miwili ya juu kwa mkono wake mwenyewe, kisha aje aseme anataka kuongeza nini. Wengi hawakurudi.

Na ile barua ya Dhirari? Ukasha hakuomba karatasi nyingine. Alipojua kuandika, aliikunjua ileile, akaiweka magotini, na pale mahali palipobaki patupu, kwa maandishi yaliyopinda kama njia ya mbuzi, akaandika mstari wa tatu: Na juu yako iwe amani, ewe ndugu yangu.

Ndugu zangu waumini, sisi husema amani mara nyingi kuliko tunavyohesabu pumzi zetu. Tuwafundishe watoto wetu kuiandika, na sisi wenyewe tusione haya kuketi nyuma yao. Mwenyezi Mungu awarehemu Lubaba, Dhirari na Ukasha, na awe radhi na kila aliyewahi kumshika mwenziwe mkono akamwonyesha alif.